Mwaka wa Kichwa Kwenye Sinia

Wiki iliyopita alinijia mwanamke mmoja kutoka Kiegeani. Alipiga hodi, akaniamkia, nikamwitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu chumba changu kimejaa vitambaa na pengine pa kukaa hakuna. Alikuwa na pua ya Songoro. Nilijua alichokuja kusema kabla hajasema. "Baba amefariki, bibi. Tumemzika juzi. Aliacha neno kwamba kama upo hai upewe habari." Nikamuuliza kama aliacha neno lingine. Akasema hakuna. Nikampa chai na vitumbua vilivyobaki asubuhi, akala viwili, akanieleza jinsi kikohozi kilivyomtesa baba yake tangu kiangazi, kisha akaaga. Sikulia. Nilirudi kwenye cherehani nikashona upindo wa shuka nzima bila kuona ninachoshona, na moyoni nilikuwa na hasira, ile ile ya mwaka ule, mbichi kabisa. Jioni ilinibidi niufumue upindo wote.

Naandika habari za mwaka ule kwa sababu wazee wachache waliobaki Chole bado husimulia mchezo uliochezwa katika bohari ya Bibi Zuwena, birika lililojimiminia kahawa lenyewe na kichwa cha mtu kilichosema juu ya sinia, na wote husema ulikuwa mchezo wa Bwana Nasoro. Haukuwa wake. Yeye alikuwa na sauti na ndevu nzuri, basi. Kila ajabu iliyoonekana siku ile niliibuni mimi, nikaikata, nikaishona, nikaijaribu, na mbao zake alizichonga Songoro. Bwana Nasoro alikufa zamani na kwenye hitima yake sikwenda. Watu wakiniambia marehemu alikuwa mtu wa furaha, huwajibu ndiyo, alikuwa na furaha nyingi sana, nami naendelea na kazi yangu.

Wakati ule boma la Wajerumani lilikuwa Chole, halijahamia huku Kilindoni, na zile nyumba kubwa za mawe zilikuwa na wenyewe. Bibi Zuwena alikuwa mjane Mwarabu wa Kimanga mwenye mashamba ya minazi mpaka Miburani, na sisi tulikuwa watumwa wa nyumba hiyo, urithi wa mwanawe Bwana Nasoro kutoka kwa baba yake, tukitajwa pamoja na minazi hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka kama ishirini. Kazi yangu ilikuwa kushona, katika chumba cha chini ya ngazi chenye dirisha la kupitisha kiganja kimoja, na kila aliyepanda au kushuka nilimjua kwa kishindo chake. Juu walikula pilau na kuku. Harufu ilitufikia mapema, makombo yalichelewa. Sisi tulikula jikoni, wali wa jana kwa mchuzi wa papa, tukizunguka sinia moja, na hapo ndipo nilipomzoea Songoro. Alikuwa seremala wa nyumba, mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kusukuma minofu ya samaki upande wangu wa sinia akijifanya anafukuza nzi. Mimi nilijifanya sioni, nikala.

Watu wa leo hawajui kaniki ilikuwa nini. Ni kitambaa cheusi kinachochuja rangi, na ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa mwanamke. Leso ya maua ilikuwa ya waungwana. Mwaka ule nilimshonea mke wa mwenye duka, Mhindi, mapazia ya nyumba nzima, akanishukuru kwa jozi ya leso nyekundu, nami siku ya Idd nikajifunga moja na kujitanda nyingine, nikatoka uwanjani. Bibi Zuwena aliniona kutoka dirisha la juu. Akamtuma mwanawe. Bwana Nasoro alishuka na kanzu mpya inayonukia udi, akapita katikati ya watu waliokuwa wakipeana mikono, akashika leso begani kwangu. "Mama anauliza umevaa nguo ya nani," akasema, akaivuta. Kisha akaivuta na ya pili. Hakuwa na hasira hata kidogo; alikuwa akiendelea kucheka na rafiki yake jambo walilokuwa wakilizungumza tangu msikitini. Nilibaki na kaniki ya kiunoni tu, kifua wazi mbele ya wanaume wa Chole nzima, nimejikunja chini kama nimeumwa na tumbo, mpaka Songoro aliponitupia shuka lake. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa bado dirishani, barakoa ya Kimanga usoni, akahakikisha nimemwona, ndipo akafunga dirisha. Nikaapa kwamba wale wawili nitawalipa. Wengi huapa hivyo, wakalala, wakasahau. Mimi sikusahau.

Miezi michache baadaye Bwana Nasoro alirudi kutoka Unguja amepagawa. Alikuwa ameona mchezo wa jukwaani wa Wahindi waliotoka Bombay, pazia linapanda, mfalme anaruka hewani, binti anatoweka mbele ya macho ya watu, na kwa wiki nzima nyumba haikula kwa amani. Nilikuwa nikimsikia kupitia mbao za ngazi. Sikukuu ya mfalme wa Wajerumani ilikuwa inakaribia, na kila mwenye mali alitaka kumfurahisha bwana mkubwa wa boma. Mmoja angetoa ng'ombe, mwingine ngoma. Bwana Nasoro akasema atatoa mchezo. Aliutunga mwenyewe: waziri mkweli anakatwa kichwa kwa fitina, lakini kichwa kinaendelea kusema, na kila kinachosema ni kweli tupu kwa kuwa maiti hana haja ya uongo. Kichwa hicho kinahudumiwa na majini sita wasioonekana, ambao mwisho wa mchezo huachwa huru. Waziri angekuwa yeye. Tatizo lilikuwa moja. "Mama, nitasemaje na kichwa kimekatwa?" alimuuliza Bibi Zuwena mezani, na Bibi akamwambia ale pilau kabla halijapoa.

Jibu lilipatikana kwa kipigo. Bibi alikuwa ametundika kaniki mpya, za kutugawia mwaka ule, kwenye ukuta wa bohari ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Mle ndani mchana na usiku ni giza moja. Nilikuwa nimeingia kushona magunia, nimejifunika kaniki kichwani kwa sababu ya vumbi la mbata, nimesimama mbele ya zile kaniki nikiviringisha uzi mweupe. Bibi akafungua mlango na kandili mkononi. Alinitazama. Alitazama pale hasa niliposimama, kisha akapiga ukelele uliomtoa mwanawe juu: "Uzi! Uzi unatembea wenyewe!" Nikasema, "Ni mimi, Bibi." Akavua kiatu akanipiga nacho mgongoni na mabegani, akiniuliza nani amenituma kumtisha, nami nikiwa nimejikunja chini ya kile kiatu nilikuwa ninawaza: hakuniona. Ana taa mkononi na hakuniona. Bwana Nasoro alimshika mama yake mkono, akaniambia nisimame tena ukutani nisogeze uzi. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mbata.

Alasiri ile nilimweleza kila kitu, maana nilikuwa nimekwisha kukiwaza. Jukwaa zima, sakafu, kuta na dari, tulivike kaniki. Watu sita tuwavike kaniki kutoka utosini mpaka vidoleni. Kila kitakachotembea tukipake chokaa. Mtazamaji ataona cheupe kinachoruka, na mkono unaokibeba hatauona. Bwana Nasoro alinisikiliza mdomo wazi, kisha akaweka mkono kifuani. "Tufaha, ukinifanyia hayo, kesho yake baada ya mchezo nakwenda nawe bomani, nakuandikia cheti cha uhuru. Wallahi." Nilimwamini. Nimeandika habari ya leso bila kusita, lakini hili la kumwamini naliandika kwa haya. Nilikwenda jikoni nikamnong'oneza Songoro, naye akaacha kutafuna. Mtoto hufuata mama, akasema. Mama akiwa na cheti, watoto ni huru, hata baba akibaki alivyo. Hakuwa ameniposa bado. Hiyo ndiyo ilikuwa posa, nami nikaikubali kwa kula mnofu alionisogezea mbele ya watu wote. Hata kisasi changu nilikiweka kando siku zile.

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile, wala kabla wala baadaye. Kaniki mpya ina mng'ao, na mng'ao ni adui. Niliifua mara moja tu, nikaianika kivulini, kwa kuwa jua huifanya majivu. Nilipanga kandili kumi na mbili kwenye ukingo wa jukwaa, nyuma ya kila moja kipande cha bati, ili mwanga uwapige watazamaji machoni na jukwaa libaki gizani. Mzee Mabruki mikono yake ilitetemeka, nikampa kubeba mshumaa, maana hakuna anayeushangaa mwali wa moto ukitikisika. Mauwa alipewa birika. Feruzi na Zawadi walicheza kanzu tupu, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakigombana kila siku nani anachelewa. Sote tulikuwa na nyuso za buluu kwa rangi iliyochuja, tukachekana. Bwana Nasoro alituletea halua na kahawa pale pale boharini, tukala tumekaa chini pamoja naye, na kwa nusu saa ungedhani sisi ni watu wa nyumba moja.

Kichwa kilituchukua siku nyingi zaidi. Songoro alitengeneza meza yenye miguu minne, tukaipaka chokaa. Kati ya mguu na mguu nikavuta kaniki ikakaza. Mtu akitazama aliona miguu minne myeupe na giza katikati, akaamini chini ya meza hakuna kitu, kumbe nyuma ya kaniki ile mtu amepiga magoti. Ubao wa juu ulikuwa vipande viwili, kila kimoja kimekatwa nusu ya duara, vikifungwa vinazunguka shingo, na juu yake sinia la shaba lililokatwa vivyo hivyo. Komeo lilikuwa chini, nyuma ya mguu wa kulia, mahali ambapo aliyefungwa ndani hafikii. Pengine popote lingeonekana. Wakati ule hiyo ndiyo sababu pekee. Nilimpima Bwana Nasoro shingo kwa uzi, nikampa Songoro ule uzi, akachonga ubao wa mazoezi. Ubao wa siku yenyewe, wa mninga, angeuchonga mwisho.

Kisha ikaja siku ambayo ningali nikiikumbuka nikiwa naosha vyombo, nikikata kitambaa, nikisali. Ilikuwa adhuhuri. Nilikuwa jukwaani peke yangu, nimevaa kaniki kamili, kandili zote zimewaka, natafuta mshono unaopitisha mwanga. Bibi Zuwena akaingia na mwanawe kuona kaniki zake zimefanyiwa nini. Wakasimama hatua tatu kutoka kwangu. Nilitaka kuamkia, lakini Bibi akawahi kusema.

"Na huyu mshonaji umemwahidi nini? Siku hizi anatembea kama ana kwao."

"Cheti."

"Cheti, Nasoro?"

"Mama nawe! Nimemwambia tu ili ashone. Mchezo ukiisha umekwisha."

"Na yule seremala anayemzungukazunguka?"

"Songoro namhamishia shamba, Miburani, akaoe huko huko. Huyu atalia wiki moja, atanyamaza. Mwakani nataka mchezo mkubwa zaidi."

"Akisumbua," akasema Bibi, "dawa yake unaijua," na alipofanya kwa mkono kama mtu anayevuta nguo begani, wote wawili wakacheka. Kisha akasogea karibu na taa, akanitazama usoni, mimi Tufaha, akasema, "Kweli, ni giza tupu." Wakatoka. Nilibaki nimesimama pale pale mpaka miguu ikafa ganzi. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa nimetulia kabisa, na nilikuwa nawachukia kwa utulivu ule ule ninaoshonea kifungo.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa dogo na baya. Niliuchukua tena ule uzi wa shingo, nikaupunguza kwa upana wa kidole, nikampelekea Songoro. "Ubao wa mninga ukate kwa kipimo hiki. Ule wa mazoezi ni mpana, kichwa kinacheza." Aliupima kwa vidole vyake. "Mbona mfupi?" "Ndicho kipimo chake," nikamwambia. Songoro hakuwa na sababu ya kutoniamini, akakata.

La pili lilihitaji akili zaidi. Kahawa ya barazani nilikuwa naipeleka mimi, na barazani ndipo alipokuwa akikaa kadhi, Sheikh Muhidini, mzee kiziwi wa sikio moja na mfokaji, ambaye kwa uziwi wake alieleza sheria kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Mwaka ule ule mtu mmoja, akiwa harusini, alimwambia mtumwa wake mbele ya wageni, "Leo wewe huru, cheza," ili wageni wacheke. Kesho yake akadai alikuwa anatania. Sheikh Muhidini alimfokea mbele ya vikombe vyangu: mtu hatanii na talaka, wala hatanii na kumwacha mtumwa huru, akilitamka mbele ya mashahidi limepita, na mzaha wake ni juu yake. Nilikuwa nimelisikia hilo nikalipita. Sasa nililirudia moyoni kila nilipochoma sindano.

Mwisho wa mchezo kichwa kilipaswa kuwaita majini sita kwa majina na kuwaacha huru kwa ajili ya Mungu. Majina aliyatunga Bwana Nasoro mwenyewe, ya Kiarabu, marefu, na alishindwa kuyakumbuka. Kila zoezi alikwama kwa jini la tatu, akatukana, akaanza upya. Siku moja, alipokwama kwa mara ya nne, nikamwambia kwa unyenyekevu wote niliofundishwa, "Bwana, kwa nini usituite kwa majina yetu? Hayo unayaita tangu alfajiri, hutayasahau. Tena watu wa Chole wanatujua, watacheka." Alinitazama, akapiga paja. "Tufaha, wewe una akili za kiume!" Akaita pale pale, Tufaha, Songoro, Mabruki, Mauwa, Feruzi, Zawadi, bila kukwama hata mara moja, akafurahi kama aliyehitimu chuo. Jikoni niliwaeleza wenzangu wakati wa chakula. Mabruki aliweka tonge chini. Songoro aliniuliza mara mbili kama nina hakika na maneno ya kadhi, nikamwambia ninayo. Nilimweleza yote isipokuwa habari ya uzi.

Mchezo ulichezwa alasiri, madirisha ya bohari yamezibwa, kwa kuwa bwana mkubwa alikuwa na karamu yake jioni. Aliketi mbele na karani wake, kadhi kulia kwake, matajiri nyuma, watu wa kawaida wamesimama mpaka mlangoni, na wanawake wa nyumba kubwa wamekaa pembeni nyuma ya pazia. Harufu ya mbata na mafuta ya taa ilikuwa ya kukaba. Nilipomfungia Bwana Nasoro ubao wa mninga alishtuka. "Inabana!" "Pazia linafunguliwa, Bwana," nikamwambia, na kweli Feruzi alikuwa amekwisha kulivuta. Basi nikaingia gizani kwangu. Birika likapaa, likamimina kahawa kikombeni, na nikasikia bohari nzima ikivuta pumzi. Kanzu tupu ikacheza, mshumaa ukatembea, kiti kikamfuata mtu. Wapo waliokimbia, wakarudi. Kisha sinia likafunuliwa, na kichwa cha Bwana Nasoro kikafumbua macho juu ya meza yenye miguu minne na giza katikati, kikasema kwa sauti iliyobanwa ambayo watu waliiona ni ya ufundi mkubwa, "Mimi ni waziri mkweli. Niulizeni, maana siwezi kusema uongo." Wakakiuliza maswali, kikajibu, wakapiga vigelegele. Nakiri kwamba hata mimi, nikiwa nimebeba kikombe, niliona fahari.

Ukafika mwisho. "Enyi watumwa wangu," kikasema kichwa, "mmenitumikia vyema. Tufaha, Songoro, Mabruki, Mauwa, Feruzi, Zawadi, nimewaacha huru kwa ajili ya Mungu." Watu wakacheka majina, kama nilivyomwahidi. Hapo nikavua kaniki ya kichwani, nikapiga hatua mbili mbele ya kandili. Kicheko kikakatika. Mtu alikuwa ametokea mahali ambapo palikuwa hapana mtu. Akatokea Songoro, akatokea Mabruki na mshumaa wake, wakatokea wengine, tukasimama sita kwa mstari, nyuso za buluu. Nikamgeukia kadhi upande wa sikio lake zima, nikapaza sauti. "Sheikh, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mchezo, Sheikh!" kikasema kichwa. "Nimeita majini!"

"Jini gani anaitwa Mabruki?" akafoka Sheikh Muhidini. "Huyu simjui mimi? Na huyu si Tufaha anayeniletea kahawa? Wako au si wako?"

"Wangu, lakini..."

"Umewataja mmoja mmoja, umesema umewaacha huru kwa ajili ya Mungu, na mashahidi ni mji mzima. Unamfanyia Mungu mzaha?"

Bwana mkubwa akamwuliza karani kuna nini, karani akamweleza sikioni, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa. Akasema neno, na karani akalitafsiri kwa sauti. "Bwana mkubwa anakiuliza kichwa kisichosema uongo: je, ni kweli umewaacha huru?" Jasho lilimtiririka Bwana Nasoro na hakuwa na mkono wa kujifuta. Nilimwona akimtazama Mjerumani, akiwatazama matajiri wenzake, akitafuta njia. Akisema hapana, ameuharibu mchezo wake mwenyewe na amemkana Mungu mbele ya kadhi. "Kweli," akasema. Karani akatoa kalamu akaandika majina sita pale pale. Nilisikia kalamu ikikwaruza, na mpaka leo sijasikia ngoma inayoishinda.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini Bwana Nasoro akasema, "Fungueni." Hatukutikisika. "Tufaha! Songoro! Mabruki! Fungueni!" Aliita kama alivyoita miaka yote, na watu wakaanza kucheka tena, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa wake wa kumwitikia. Akaita tena. Kicheko kikapungua, maana sauti ilikuwa imebadilika, na uso umevimba. "Shingo," akasema. Bibi Zuwena akatoka nyuma ya pazia, mbele ya wanaume wote, akapanda jukwaani akapiga magoti akipapasa chini ya meza. Mle gizani, na barakoa usoni, asingeliona komeo hata kwa kandili ishirini. "Liko wapi?" akaniuliza. Sikumwonyesha. Akainua mkono kwenye kamba ya barakoa ili aivue. Nilikuwa nataka hilo kuliko hata cheti. Nilitaka asimame uso wazi mbele ya wanaume wa Chole kama nilivyosimamishwa mimi kifua wazi, na vidole vyake vilikuwa tayari kwenye fundo. Nikasikia komeo limefunguka. Songoro alikuwa ameinama upande wa pili. Mbao zikaachana, Bwana Nasoro akaanguka chini akikohoa, na Bibi akashusha mkono.

Kesho yake asubuhi vyeti vilitolewa bomani. Songoro akanikuta katika chumba cha chini ya ngazi nikifunga sindano zangu, yeye na mkeka na sanduku lake la zana. Alisema Kiegeani kuna mtu wa kutupa kiwanja, twende kabla jua halijawa kali. Nikamuuliza kwa nini alimfungua.

"Nilikata vibaya, Tufaha. Tundu lilikuwa dogo. Umeiona shingo yake? Damu imevilia pande zote mbili. Sikulala. Kazi ya mikono yangu ilitaka kuua mtu."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amekwisha kujitwika kosa, na mimi nilikuwa na hasira naye, ningemwachia alibebe tukaenda nalo Kiegeani, tukazeeka nalo.

"Hukukata vibaya," nikamwambia. "Uzi niliupunguza mimi."

"Ulipunguza kwa nini?"

"Ili imuume."

Aliitazama mikono yake kama anayetafuta doa. "Na mimi ukanifanya nisijue," akasema. Hakupaza sauti. Akaliinua sanduku begani, akachukua mkeka, akatoka. Nilimsikia akivuka ukumbi, akishuka kizingiti, akikanyaga changarawe za nje. Cheti kilikuwa mkononi mwangu, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye haki ya kunizuia nisimfuate. Nilikaa na hasira yangu, sikumfuata.